Indiketa za LED kwenye gari la mazao: kwa nini zinapepesa haraka, na jinsi ya kuutafuta ubovu

 

Leo tunaacha kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee chombo kinachobeba mazao yenu. Siku hizi vijana wengi wa Buseresere, Katoro na Bwanga mnanunua pikapu, Canter au guta la matairi matatu, na karibu kila mtu akishalipata anataka kubadilisha globu za kawaida za indiketa aweke za LED. Halafu maswali yanaanza. "Afisa, mbona zinapepesa mbio mbio?" "Mbona nikiwasha kushoto na kulia inawaka?" "Mbona nikikanyaga breki indiketa nazo zinawaka kwa mbali?"

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya gereji, afisa ugani yanamhusu nini. Yananihusu. Nyanya ukizichuma leo asubuhi zinatakiwa zifike sokoni leo au kesho. Mananasi ya Geita yakilala njiani siku mbili kwenye jua, bei yake siyo ileile tena. Na kubwa zaidi: sisi tunaendesha upande wa kushoto. Unapotoka barabara kuu kwenda Bwanga na kuingia kulia kwenye barabara ya vumbi ya kijijini kwako, unakata mbele ya magari yanayokuja, na nyuma yako kuna bodaboda anayetaka kukupita upande huohuo wa kulia. Saa kumi na mbili na nusu jioni, vumbi limejaa hewani, kitu pekee kinachomwambia kwamba unakata kona ni ile taa ndogo ya njano. Taa hiyo ikidanganya, hasara si matenga ya nyanya peke yake.

Basi twende taratibu. Ukielewa kwa nini taa inafanya vile, utaipata sababu mwenyewe au utamwelekeza fundi wako asikubadilishie vitu ovyo.

Kwanza: je, unazihitaji?

Niwe mkweli hapa. Wengi wanaambiwa LED za indiketa "zinaokoa betri". Indiketa huwaka dakika chache tu kwa siku, tena nusu ya muda huo imezima. Umeme unaookoa ni mdogo sana. Betri yako ikiisha nguvu usiku, tafuta ubovu sehemu nyingine.

Faida ya kweli kwa barabara zetu ni mbili. Ya kwanza, globu ya kawaida ina uzi mwembamba ndani unaowaka kwa kupata moto. Kwenye barabara ya makorongo uzi huo hutikiswa mpaka unakatika. LED haina uzi wa kukatika. Ya pili, LED huwaka papo hapo, wakati globu ya uzi inahitaji muda kidogo ipate moto. Kwa anayekufuata nyuma, huo muda kidogo una maana, hasa kwenye taa ya breki.

Kama globu zako hazikatiki mara kwa mara, hujapoteza kitu kwa kubaki nazo.

Umeme wa indiketa unavyopita

Ninyi mnaotumia umwagiliaji wa matone mtanielewa haraka. Tanki lililoinuliwa juu linaleta shinikizo. Kwenye umeme hiyo ndiyo volti. Maji yanayopita kwenye mpira ni mkondo, unapimwa kwa ampea. Mpira mwembamba au ulioziba unazuia maji; huo ndio ukinzani, unapimwa kwa omu. Tofauti moja tu: maji yakishafika kwenye mmea yanaishia pale, lakini umeme lazima urudi ulikotoka. Njia ya kurudi ikikatika, hakuna kinachofanya kazi hata kama betri ni mpya.

Njia ya indiketa ni hii: betri, fyuzi, swichi ya funguo, flasha, mkono wa indiketa kwenye usukani, taa za kushoto au za kulia, kisha ethi, yaani chuma cha gari, kurudi kwenye hasi ya betri.

Flasha ni kile kidude kinacholia "tik-tik". Ndicho kinachokata na kuunga umeme ili taa zipepese. Na ndicho chanzo cha nusu ya malalamiko yote ya LED.

Kwa nini zinapepesa mbio mbio

Tuhesabu. Pikapu ya kawaida ya volti 12 ina globu ya wati 21 mbele, ya wati 21 nyuma, na mara nyingi kitaa cha wati 5 ubavuni. Upande mmoja jumla ni wati 47. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 3.9.

Sasa weka LED. Tuchukulie mbele wati 3, nyuma wati 3, ubavuni wati 1. Jumla wati 7. Gawanya kwa 12: karibu ampea 0.6.

Flasha ya zamani iliwekwa pale kama mlinzi wa tanki anayehesabu maji yanayopita. Kazi yake ya pili, ukiacha kupepesa, ni kukuambia globu ikiungua. Ikiona mkondo umepungua inasema, "Globu moja imekufa," inaanza kupepesa kwa kasi ili dereva ashtuke. Ukiweka LED, mkondo unapungua kuliko hata globu moja ikiungua. Flasha haijaharibika na LED hazijaharibika. Flasha inafanya kazi iliyotumwa.

Kuna flasha za zamani zaidi, zile zenye kipande cha chuma kinachopinda kikipata moto. Hizo zinahitaji mkondo mkubwa ili chuma kipate moto. Ukizifungia LED, mara nyingi taa zinawaka moja kwa moja bila kupepesa kabisa. Kwa hiyo dalili yenyewe inakuambia una flasha ya aina gani:

- Zinapepesa mbio: flasha ya kielektroniki inayopima mzigo.
- Zinawaka bila kupepesa: flasha ya chuma cha moto, au flasha mpya iliyofungwa vibaya.

Kiwango kinachotumika kimataifa, kile cha Umoja wa Mataifa, ni mipepeso 90 kwa dakika, na kinaruhusu kupungua au kuongezeka 30. Yaani kati ya 60 na 120. Chukua simu, weka saa ya sekunde 30, hesabu. Ukipata kati ya 30 na 60 uko sawa. Ukipata 80, siyo sawa, hata kama fundi amekwambia "hiyo ndiyo fasheni".

Dawa mbili, na ipi ya kuchagua

*Dawa ya kwanza: badilisha flasha.* Nunua flasha ya LED, ile isiyotegemea mzigo. Inapepesa kwa kasi ileile iwe una wati 2 au wati 40. Kwa pikapu na pikipiki zenye flasha ya kuchomoa, hii ndiyo dawa safi. Lakini zingatia mambo matatu:

1. Soma herufi, usiangalie umbo. Flasha nyingi za pini tatu zina B, L na E. B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi. Flasha mbili zinaweza kufanana kabisa kwa sura lakini B na L zimebadilishana nafasi. Ukichomeka tu, haitapepesa au inaweza kuungua.
2. Flasha ya LED ya pini tatu lazima ipate ethi yake. Ya zamani ilikuwa na pini mbili? Basi utavuta waya wa E mpaka kwenye chuma safi.
3. Baadhi ya Toyota za miaka ya 2000 zina flasha ya pini 8 ambayo inashughulika na indiketa na hazadi kwa pamoja. Flasha ya pini tatu haiingii pale. Na magari mapya zaidi hayana flasha ya kuchomoa kabisa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya gari. Huko usilazimishe.

*Dawa ya pili: rezista.* Hii unaifunga sambamba na kila LED, yaani waya mmoja kwenye waya wa indiketa, mwingine kwenye ethi. Kazi yake ni kunywa mkondo ili flasha idhani globu ya zamani bado ipo. Inayouzwa sana ni ya omu 6, wati 50, ile yenye ganda la rangi ya dhahabu.

Inafanya kazi, ila sikia hesabu yake. Volti 12 kwa omu 6 ni ampea 2, sawa na wati 24. Injini ikiwa inaunguruma betri inakuwa na volti 13.8, basi inakuwa kama wati 32. Hizo zote zinageuka joto. Kidude kidogo kama kidole, kinatoa joto la wati 32 kila taa inapowaka. Ukiacha hazadi zimewaka kwa muda mrefu kwa sababu gari limeharibika njiani, ganda linaweza kupita nyuzijoto 100.

Sasa fikiria imefungwa wapi. Fundi ameibana kwa tepu ya umeme nyuma ya taa, karibu na magunia. Na wewe umebeba pamba. Wakulima wa pamba mnajua jinsi inavyoshika moto. Rezista haifungwi kwenye plastiki, haifungwi kwenye kifungu cha waya, haifungwi karibu na mzigo. Inakazwa kwa bolti kwenye chuma cha gari, chini, mahali penye hewa, mbali na mpira wa mafuta. Kama hakuna mahali kama hapo kwenye gari lako, baki na globu za uzi. Sitanii.

Ushauri wangu kwa kifupi: flasha ya kuchomoa ikiwepo, badilisha flasha. Kompyuta ndiyo inayopepesa, tumia rezista zilizofungwa vizuri au acha globu za zamani.

Pima volti kabla ya kununua chochote

Hapa vijana wa Fuso na Canter mnanisikia? Pikapu, Noah na Probox ni volti 12. Lakini malori mengi yenye betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ni volti 24. Mengine yana betri mbili lakini zimefungwa sambamba, na hayo ni volti 12. Usihesabu betri kwa macho. Weka mita kwenye waya wa chanya unaokwenda kwenye gari na hasi inayokwenda kwenye bodi, soma.

LED ya volti 12 pekee ukiifunga kwenye volti 24 itawaka vizuri sana kwa muda mfupi, kisha basi. Na ile rezista ya omu 6? Kwenye volti 24 inavuta ampea 4 na kutoa wati 96. Ganda lake limeandikwa wati 50. Huo ni moto. Kwenye volti 24, rezista ya omu 25 ndiyo inayokupa karibu wati 23.

Ubovu wa ethi: adui mkubwa wa magari ya shamba

Ukiacha flasha, tatizo linalofuata kwa wingi ni ethi mbovu. Na kwenye magari yetu kuna sababu ambayo gereji za mjini hawaizungumzii: mbolea.

Mbolea za amonia kama CAN, SA na DAP zikimwagika sehemu ya mzigo, zikapata unyevu, zinakula shaba na chuma. Maji yale yanateremka mpaka kwenye taa za nyuma na kwenye skrubu ya ethi. Ukiona waya umeota ukungu wa kijani au wa bluu, ndiyo hiyo. Kwa nje waya unaonekana mzima, kwa ndani umebaki nyuzi mbili tatu. Ukibeba mbolea, osha sehemu ya mzigo siku hiyohiyo.

Ethi mbovu huonyesha dalili za kuchanganya. Ya kwanza: unakanyaga breki, indiketa za LED zinawaka kwa mbali. Sababu ni kwamba taa ya breki, ya kuegesha na indiketa za upande mmoja mara nyingi hurudi kwenye ethi moja. Ethi hiyo ikiziba, umeme wa breki unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita kwenye indiketa kinyumenyume mpaka upate ethi sehemu nyingine. Globu ya uzi isingeonyesha kwa sababu mkondo huo ni mdogo. LED inatosheka na mkondo mdogo sana, hivyo inawaka na kukuumbua.

Kwa hiyo LED haijaleta ubovu. Ubovu ulikuwepo, LED imeufichua.

Jinsi ya kupima:

1. Rudisha globu ya uzi ya wati 21 kwenye soketi kwa muda.
2. Weka mita kwenye volti za DC. Waya mweusi kwenye hasi ya betri. Kama haufiki, unganisha waya mrefu.
3. Waya mwekundu gusa mahali ethi ya taa inapoanzia, kwenye chuma cha soketi.
4. Washa indiketa, na mtu mwingine akanyage breki.
5. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, ethi ni nzuri. Ikisoma volti moja au zaidi, umeipata.

Kwa nini urudishe globu ya uzi? Kwa sababu ya hesabu. Chukua ethi iliyooza yenye ukinzani wa omu 0.5. Globu ya wati 21 inavuta ampea 1.75, hivyo mita inasoma karibu volti 0.9. Unaona ubovu. LED inayovuta ampea 0.25 itasoma karibu volti 0.13, nawe utasema, "Ethi safi kabisa." Siku ukifunga rezista au taa ya trela kwenye ethi hiyohiyo, balaa linarudi. Kipimo chepesi hakifichui mpira ulioziba. Fungulia maji mengi ndipo utajua.

Dawa yake ni rahisi: kwangua rangi na kutu mpaka chuma kiwe cheupe, badilisha kichwa cha waya, kaza kwa bolti na washa ya meno, paka grisi juu ya kiungo baada ya kukaza. Kama bodi ya nyuma ni ya mbao, vuta waya wa ethi mpaka kwenye chesisi. Mbao hairudishi umeme.

Indiketa zote mbili zinawaka kwa pamoja

Hii ni ya pikipiki na guta. Umewasha kushoto, lakini na kulia inapepesa, kama hazadi.

Angalia dashibodi. Kama kuna kitaa kimoja tu cha indiketa kwa pande zote mbili, jibu liko hapo. Kitaa hicho hakina ethi yake. Mguu wake mmoja uko kwenye waya wa kushoto, mwingine kwenye waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye kitaa, unaingia waya wa kulia, unapita kwenye globu za kulia mpaka ethi. Globu za uzi haziwaki kwa mkondo mdogo namna hiyo. LED zinawaka.

Dawa ni daiodi mbili. Daiodi ni kama vali ya maji ya njia moja: umeme unapita upande mmoja tu. Aina ya 1N4007 inapatikana kwa mafundi wa redio na simu, na inabeba ampea 1, ambayo inatosha kabisa kwa kitaa kidogo. Fanya hivi:

1. Chomoa kitaa kutoka kwenye nyaya zake mbili.
2. Daiodi ya kwanza inatoka waya wa kushoto, ya pili inatoka waya wa kulia.
3. Upande wenye mstari mweupe ndio upande wa kutokea. Unganisha pande zote mbili zenye mstari pamoja, zipeleke kwenye mguu mmoja wa kitaa.
4. Mguu wa pili wa kitaa upeleke kwenye ethi.

Sasa kitaa kinawaka kwa upande wowote, lakini umeme hauvuki kwenda upande wa pili.

Haiwaki kabisa: usikimbilie kulaumu duka

LED yenyewe ni daiodi, ndiyo maana ina upande. Baadhi ya globu za LED zimetengenezwa zifanye kazi pande zote, nyingine hapana. Za kuchomeka zisizo na kitako cha chuma unaweza kuzigeuza. Ichomoe, izungushe nusu mzunguko, irudishe. Wengi wametupa globu nzima kwa kutojua hili.

Ukigeuza na bado, fuata mstari kuanzia mwanzo: fyuzi, kisha umeme kwenye soketi, kisha ethi. Lakini angalizo moja kuhusu mita. Waya uliobaki na uzi mmoja ndani bado utakuonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti karibu chochote. Tengeneza taa ya kupimia: globu ya uzi, waya mbili, kwisha. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Ikififia, waya umeoza mahali fulani, hata kama mita inasema 12.

Zinaungua kila mwezi

LED nzuri haifi kila mwezi. Ikifa, kuna kitu kinaiua. Washa injini, ongeza mwendo kidogo, pima kwenye betri. Kwenye chombo cha volti 12 unatakiwa usome takriban kati ya 13.5 na 14.5. Ikipanda 15 au 16, reguleta imekufa, au kwenye pikipiki betri imechoka haiwezi tena kutuliza umeme. Kuna vijana wanaendesha pikipiki miezi mitatu bila betri kwa sababu inawaka kwa kiki. Globu ya uzi inavumilia ule umeme wa kuruka ruka. LED haivumilii.

Wauaji wengine wawili: kuchomoa betri wakati injini inaunguruma, na kuchomelea. Ukipeleka gari likachomelewe bodi ili libebe magunia zaidi, chomoa hasi ya betri kwanza, na ethi ya mashine ya kuchomelea ikae karibu na pale panapochomelewa.

Ukifunga trela

Wenye trekta na trela, flasha ya kupima mzigo inachanganyikiwa mara mbili: trela ikifungwa kasi nyingine, ikifunguliwa kasi nyingine. Flasha isiyotegemea mzigo inamaliza hilo. Ila soma juu yake inabeba wati ngapi. Na trela liwe na waya wake wa ethi kwenye plagi. Usitegemee pini ya kuvutia trela, ina grisi na inacheza.

Muhtasari wa kubandika ukutani

- Zinapepesa mbio: mzigo mdogo. Badilisha flasha, au rezista kwenye chuma.
- Zinawaka hazipepesi: flasha ya zamani, au pini B, L, E zimekosewa.
- Pande zote zinawaka: kitaa kimoja cha dashibodi. Daiodi mbili.
- Zinawaka kwa mbali ukikanyaga breki: ethi ya nyuma.
- Haiwaki: geuza LED, fyuzi, soketi, ethi.
- Zinaungua: pima volti injini ikiwaka.
- Mchana hazionekani: huenda umeweka LED nyeupe nyuma ya kioo cha njano. Weka LED za njano.

Kabla hujapakia mzigo

Kabla ya kugusa waya wowote, chomoa hasi ya betri. Viungo vya waya vikazwe au vilehemiwe, kisha vifunikwe. Kusokota na kuzungushia tepu hakumalizi masika moja.

Ukimaliza kazi, simamisha gari juani saa sita mchana, tembea hatua 40, geuka uangalie. Kama wewe unayejua taa imewaka unaitafuta kwa macho, dereva wa basi hataiona. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo chako kiwe salama barabarani, lakini trafiki si ndiye wa kwanza utakayekutana naye ukikata kona gizani.

Na jambo la mwisho, watu wengi hawalijui. Flasha mpya ya LED inapepesa kwa kasi ileile hata taa ya nyuma ikiwa imekufa. Yule mlinzi aliyekuwa anahesabu maji umeshamfukuza kazi. Kwa hiyo kazi yake sasa ni yako: kila asubuhi ya siku ya soko washa hazadi, zunguka gari mzima, angalia taa moja moja. Dakika moja, ndipo upakie matenga.

Wiki ijayo tunarudi shambani kwenye kantangaze. Kazi njema vijana.